Amri ya Idi

Siku Mzamil alipoondoka nilikuwa nimekaa mlangoni nikichambua mchele. Alitoka na mfuko wake wa spana begani, akanikanyaga upindo wa kanga kwa haraka zake, akacheka.

"Nakwenda kisiwani Ngumi na kurudi," akasema. "Mashine imewafia, wavuvi wamekaa tu. Niwekee samaki wa nazi."

"Samaki wa nazi hawekwi. Huliwa moto."

"Basi mimi nitamla baridi."

Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa nimeona kijiwe kwenye mchele na nilitaka kukitoa kabla hakijanipotea. Nilipoinua uso alikuwa ameshakata kona.

Mzamil alikuwa mume wangu, na alikuwa fundi wa mashine za boti hapa Kismayo. Siku chache baadaye boti waliyokwenda nayo ilionekana imepinduka upande wa nje wa Ngumi. Walikuwa watatu ndani yake. Wenzake wawili walitupwa ufukweni na maji, wakaoshwa, wakasaliwa, wakazikwa. Yeye hakuonekana, wala kiatu chake hakikuonekana.

Juzi nilijaribu kukumbuka shati alilovaa asubuhi ile nikashindwa. Ndiyo maana naandika, yaliyobaki yasije yakanitoka nayo.

Nilikuwa naishi na wazazi wake, na bado naishi nao. Baba mkwe wangu anaitwa Athman. Alizaliwa kisiwa cha Kudhaa kama mimi, akahamia Kismayo akiwa kijana, na kwa muda mrefu alikuwa nahodha. Mama mkwe wangu ni Bimkubwa. Msiba ulipoingia, wanaume wa mtaa walikuja wakakaa kwenye baraza, wakimngoja Baba Athman aseme neno ili matanga yaanze. Baba akawatazama mmoja mmoja.

"Mumekuja kufanya nini?"

Wakaitazama mikeka.

"Mimi sikuzika mchu," akasema. Huko kwetu visiwani mtu ni mchu, na Baba hakuwahi kuiacha lugha ya kwao. "Mchu asiyezikwa hajafa. Nendeni makwenu."

Wakaenda.

Kadhi alikuja mwenyewe baada ya miezi kadhaa. Niliyasikia maneno yake nikiwa nyuma ya pazia. Alisema boti imeonekana, wenzake wamezikwa, na bahari ile kila mtu anaijua. Kilichobaki ni kauli ya baba. Baba akikiri mbele ya watu, yeye atahukumu kuwa Mzamil amekufa, na msikiti utamsalia sala ya ghaibu, ile anayosaliwa maiti asiyekuwepo. Lakini bila kauli ya baba hatavunja nyumba ya mtu.

"Basi usiivunje," Baba akamwambia, akamwita Mama alete kahawa.

Hapo ndipo maisha yangu yaliposimama. Sikuwa mke na sikuwa mjane. Sahani ya Mzamil iliwekwa kila mlo, na kila mlo ikarudi jikoni kama ilivyokwenda. Idi zilipofika Baba alinitazama mikono akauliza mbona sina hina, mke wa mtu hakai Idi mikono mitupu. Nikapakwa. Wanawake walionipaka hawakunitazama usoni. Na simu hazikukatika. Leo mtu kamwona Mzamil Kiunga, kesho kamwona Mombasa anauza vipuri, keshokutwa yuko kambini Kenya na amesahau jina lake. Baba aliwapigia wote. Alizungumza nao kwa sauti kubwa, kama kwamba mtu akiwa mbali sana anahitaji kupigiwa kelele, kisha akakata simu na kukaa akiitazama.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka Mzamil asaliwe. Kila jeneza lilipopita njiani kwetu, na watu nyuma yake wakisoma, nilijua kwamba yule aliyebebwa anaombewa na mji mzima, na wangu amelala chini ya maji na hajapata hata mtu mmoja wa kusema mbele ya jamaa, Mungu msamehe. Nilimwombea peke yangu, lakini kwa siri, kama mwizi. Katika nyumba ile kumwombea rehema kulikuwa ni kumuua.

Sasa nieleze habari ya sataranji.

Mtaani kwetu kila Idi kubwa hufanyika mashindano ya sataranji. Yalitoka Kudhaa na wazee, na yamebaki. Anayeyasimamia ni Abdalla, fundi cherehani. Hakuna kikombe wala zawadi. Kuna kitu kinachoitwa amri. Anayeshinda mchezo wa mwisho humwamrisha aliyeshindwa jambo moja, na aliyeshindwa lazima alitimize kabla ya sala inayofuata. Kwa kawaida ni mambo ya kuchekesha. Mwaka mmoja muuza barafu aliamrishwa apite sokoni amevaa kilemba cha bibi harusi. Mwaka mwingine mtu alinyoa masharubu yake aliyoyafuga tangu ujana, akaenda nyumbani mkewe asimfungulie mlango. Haijapata kutokea mtu akaikataa amri. Mtu akiikataa, nani atacheza naye tena?

Baba Athman alikuwa bingwa. Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho aliposhindwa. Mzamil alijaribu kila mwaka, na kila mwaka baba yake alimwamrisha jambo moja lile lile, ambebe mgongoni mpaka msikitini. Baada ya kushindwa alikuwa akija chumbani, anazipanga kete upya kitandani, na kuniambia, "Fadhila, kaa hapa, wewe ndiwe mzee." Mimi nikicheza alivyocheza baba yake, yeye akitafuta alipokosea. Ndivyo nilivyojifunza. Nilimjua Baba ubaoni kwa kukaa mahali pake.

Idi ya mwaka huu ilipokaribia nilikwenda kwa Abdalla nikifuatana na shangazi yangu, nikamwambia aandike jina langu.

Akaitoa sindano mdomoni. "Jina la nani?"

"Langu."

"Fadhila, dada yangu, mashindano ni ya wanaume."

"Nani alisema?"

Akafikiri. "Hakuna aliyesema. Hakuna aliyeuliza."

"Basi mimi nimeuliza."

Akanitazama kwa muda, kisha akamtazama shangazi yangu. Nadhani aliijua amri yangu kabla sijamwambia. Mtaa mzima uliijua. Akasema, "Utachezea uani kwa mkweo, wanawake wawepo. Na Mungu atusitiri sote."

Nilimshinda Abdirahim, ambaye hucheza haraka kwa kuogopa kuonekana anafikiri. Nilimshinda Ilyas, aliyekuwa akicheka mpaka alipopoteza ngome ya pili. Ikabaki mimi na Baba.

Kabla usiku haujaingia, siku ya mwanzo ya Idi, Mama Bimkubwa alinikuta jikoni. Alikuwa mtu wa maneno machache hata kabla ya msiba.

"Ukimshinda," akasema, "utanizikia mwanangu."

"Nikishindwa je, Mama?"

Akachukua mwiko, akaukoroga mchuzi ambao haukuhitaji kukorogwa. "Ukishindwa, nitaendelea kupika wa watu wanne." Kisha akasema polepole, akiwa amenipa mgongo, "Mimi nimechoka kuirudisha ile sahani." Hakuniambia nishinde. Lakini alisema hivyo.

Kesho yake baada ya sala ya adhuhuri ua ulijaa. Wanaume walikaa upande wa mlango, wanawake upande wa jiko. Ubao uliwekwa juu ya kasha. Baba akaja na kanzu yake mpya, akakaa, akanitazama kama anayemwona mtu aliyepotea njia.

"Waryaa Abdalla," akamwita kwa Kisomali, "huyu mkwe wangu umemleta anicheze au anipikie?"

Watu wakacheka, kwa sababu walikuwa wakiogopa.

"Chagua rangi, mzee," Abdalla akasema. "Bingwa ndiye anayechagua."

"Nyeupe. Tangu lini mimi nikacheza nyeusi?"

"Na sheria? Za simu au za Kudhaa?"

Hapo panahitaji maelezo. Vijana siku hizi hucheza sataranji kwenye simu, na kwa sheria za simu kitunda, ile kete ndogo kuliko zote, kikifika mstari wa mwisho kwa adui hugeuka waziri mara moja, na waziri ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Kwa sheria za Kudhaa sivyo. Kitunda hakiwezi kuwa waziri wakati waziri wako yu hai ubaoni. Kikifika mwisho kinakaa pale pale kikingoja, hakisogei wala hakili. Siku adui atakapomla waziri wako, hapo ndipo kitunda kinapochukua nafasi yake, na kugeuka huko ndiko kucheza kwako kwa zamu ile.

"Za Kudhaa," Baba akasema. "Mambo ya simu mimi siyataki."

Akafungua kwa kitunda cha mbele ya mfalme, kama siku zote. Mimi nilikuwa na kete nyeusi. Mwanzo nilicheza kwa woga, akanila ndovu bure.

"Binti," akasema, "hizo ni kete, si vitumbua. Haziivi kwa kugeuzwageuzwa."

"Najua, Baba."

"Unajua! Na huyu farasi wako anakwenda wapi, malishoni?"

Upande wa wanaume wakacheka tena. Bimkubwa alikuwa amekaa juu ya kibao cha mbuzi, mikono mitupu, hatazami ubao.

Nilipoteza farasi nikapata farasi. Alikuwa akinibana kila upande, ila nilijua tabia yake moja, ile ambayo Mzamil alinionyesha kitandani mara nyingi bila yeye mwenyewe kuweza kuitumia: Baba akiwa anashinda huacha kutazama pembeni. Nikakisukuma kitunda kimoja, taratibu, kila aliponiachia nafasi, nikaweka ngome yangu nyuma yake kukilinda. Kikafika mstari wa mwisho, nyumbani kwake kabisa, jirani na ngome yake nyeupe. Hakuweza kukila. Angekila kwa ngome yake, ngome yangu ingeshuka ikaila, na mfalme wake alikuwa pembeni amefungiwa na vitunda vyake mwenyewe, hana pa kutokea.

Lakini nami kitunda hakikunifaa kitu. Waziri wangu alikuwa hai.

Baba akakigusa kwa ncha ya kidole. "Karibu, mgeni. Kaa. Nyumba hii wageni wanakaa tu."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikitazama kile kitunda kimesimama pale, kimefika na hakijawa kitu, na nikaogopa nitalia mbele za watu. Baba aliendelea kucheza, nami nikaendelea. Akala vitunda vyangu viwili. Adhana ya alasiri haikuwa mbali. Jua lilikuwa limehama kutoka ubaoni hadi magotini mwangu. Kile kitunda kilikaa muda mrefu hadi kikawa kama sehemu ya ubao, nikamwona Baba anakipita kwa macho kama mtu anavyoipita nguzo ya nyumba yake.

Ndipo nilipomchukua waziri wangu nikamweka katikati ya ubao, mbele ya ngome yake nyeupe, bila mlinzi.

Abdalla akavuta pumzi kwa nguvu. Nilijua alichokiona. Nikainamisha uso Baba asinisome.

Baba akamtazama waziri. Akanitazama mimi, na bila shaka aliona macho yangu yamejaa maji, akadhani yamenifanya nisione. Uso wake ukalainika.

"Mwanangu," akasema, "umechoka. Rudisha ucheze upya, mimi nakuruhusu."

Laiti angenikejeli. Nafasi ile aliyonipa ilikuwa ya upole wa kweli, na ningeweza kuichukua, na tungekula chakula cha jioni kwa sahani nne.

"Nimeshacheza, Baba," nikasema.

"Haya. Usiseme sikukwambia." Akainua ngome yake, akamla waziri wangu, akamshika juu watu wamwone. "Huyu hapa! Waziri wa Fadhila! Mumemwona?"

Mkono wake ukabaki juu, na waziri mweusi ndani yake. Mimi nikaunyosha wangu.

"Naomba, Baba."

"Nini?"

"Waziri. Nataka kumweka."

"Umweke wapi? Si nimemla?" Kisha macho yake yakashuka polepole mpaka mstari wa mwisho, pale ngome yake ilipokuwa imesimama muda mfupi uliopita, na kando yake kitunda changu.

Nikakitoa kitunda. Nikamtoa waziri vidoleni mwa Baba, vidole havikumshika wala havikumwachia, nikamweka pale. "Shaha," nikasema.

Alitafuta kwa muda mrefu. Ngome yake ilikuwa mbali, na hata angeirudisha kukinga ingeliwa. Mfalme hakuwa na njia. Watu wote walikuwa wameshaona, na wote walimngoja. Mwishowe akamlaza mfalme wake ubavu, taratibu, akauweka mkono wake juu yake.

"Nani kamuua waziri yule?" akauliza, kama anayeuliza jambo ambalo hakulishuhudia.

"Wewe, Baba."

Abdalla hakutangaza mshindi. Alikaa akikunja kitambaa. Baba ndiye aliyeanza, na sauti yake ilikuwa nyepesi mno.

"Haya, amri. Niamrishe. Nipite sokoni na kilemba cha harusi? Nitapita. Ninyoe hizi ndevu? Abdalla ana mkasi, lete mkasi."

"Baba."

"Nikubebe mgongoni mpaka Kudhaa? Nitakubeba, wallahi, na maji nitayavuka."

"Baba, nenda msikitini. Mwambie kadhi."

"Jingine," akasema. "Niamrishe jingine lolote."

Niliwatazama watu. Wanaume walikuwa wameinama. Upande wa jiko mwanamke mmoja alikuwa amejifunika uso kwa leso. Nikamtazama Mama Bimkubwa, naye kwa mara ya kwanza alikuwa akiutazama ubao.

"Sina jingine," nikasema.

Akasimama. Kanzu ilikuwa imekunjika nyuma, na nilitaka kuinyosha kama nilivyozoea, nikashindwa kuunyanyua mkono. Aliuliza kofia yake iko wapi. Ilikuwa kichwani. Wanaume wakasimama wakamfuata, na adhana ikaanza wakiwa njiani.

Yaliyotokea msikitini niliambiwa na kaka yangu Nabil, aliyekuwa amekuja kutoka Kudhaa kwa Idi. Alisema Baba alisimama mbele kabla ya sala akasema, "Mwanangu Mzamil amekufa baharini." Akalisema mara moja tu, tena kwa sauti ambayo waliokaa nyuma hawakuisikia, wakamwomba arudie. Akarudia. Kadhi akahukumu. Baada ya alasiri wakamsalia, safu kwa safu, na mbele yao hakukuwa na jeneza, ilikuwa kibla tu.

Nilikuwa nimekaa uani wakati huo. Wanawake walikuwa wameanza kulia, kilio kilichokuwa kimezuiwa kwa muda mrefu, na Mama Bimkubwa alikuwa amelala mapajani mwa shangazi yangu akiita jina la mwanawe. Nilidhani nami nitalia. Nilidhani kitu kitanitoka kifuani. Nilikaa nikizitazama kete, na nilichokifahamu ni kwamba mpaka adhuhuri ile palikuwa na mtu mmoja duniani ambaye kwake Mzamil yu hai, anakula, anatembea Mombasa, amesahau tu njia ya kurudi. Sasa hapakuwa na mtu. Mzamil alikuwa amekufa kila mahali.

Nilichokitaka nimekipata. Amesaliwa. Sijui kwa nini nilidhani kitanitosha.

Baba aliporudi alipita mbele yangu akaingia ndani. Hakunitukana, na wala sikuwahi kumsikia akinilaumu kwa mtu. Simu ililia siku ya tatu ya matanga. Ilikuwa juu ya mkeka karibu na goti lake. Akaiacha ikalia mpaka ikanyamaza, na tangu hapo haijalia.

Mtaani wanasema nilicheza mchezo ambao haujapata kuchezwa. Ilyas amewafundisha wenzake jinsi waziri alivyotolewa, na nasikia wanautazama kwenye ubao kule kwa Abdalla. Wakija hapa hawautaji. Baba hajagusa kete. Anakaa barazani mchana wote, na watu wakimsalimu anaitikia.

Mimi nimeingia eda. Nakaa chumba cha ndani, sitoki, na chakula naletewa na Mama, ambaye hupika wa watu watatu. Eda ikiisha sitakuwa na la kunikalisha hapa, kwa kuwa sikuzaa na Mzamil, na mwenye kunileta katika nyumba hii hayupo. Nabil ameshasema na Baba, na Baba amekubali. Nabil atakuja na boti kunichukua kunirudisha Kudhaa.